Usiombe pesa tu, mwambie amwandike mtoto SHA

Baba ametuma elfu tatu za mtoto mwezi huu. Mwezi ujao labda atatuma, labda simu itazimwa. Mamama wengi wachanga wa Kisii na Nyamira wanaolea peke yao wanaijua hiyo hesabu.

Sasa weka SHA juu yake. Tangu NHIF izikwe Oktoba 1, 2024, mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara, tuseme mama mboga wa Daraja Mbili au anayechuna majani chai ya wenyewe huko Nyamira, anaulizwa kuhusu nyumba, maji na choo, kisha anatajiwa kiasi. Cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka mzima: 3,600. (Kuna Lipa SHA Pole Pole, lakini mkopo ni mkopo.) Baba akiacha kutuma, mabati ya nyumba yako ni yale yale, na bili ya SHA haishuki.

Zahanati utatibiwa bure ukiwa umesajiliwa tu. Moto unawaka mtoto akilazwa hospitali ya rufaa na malipo hayajaingia.

Lakini baba mwenye payslip ya 40,000 huko Nairobi anakatwa 1,100 kila mwezi, awe ameandikisha mtoto mmoja au watano. Kumwongeza wako hakumgharimu hata bob. Hapo ile stori ya "sina doo" haina kazi. Wengi hawakatai kwa sababu ya pesa, wanaogopa bibi wa nyumbani ataona jina geni. Hiyo ni shida yake, si ya mtoto.

Katiba, Kifungu cha 53, inasema baba na mama wana jukumu sawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 inataja matibabu kando ya chakula na shule. Na tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2016, mtoto wa nje ya ndoa hawezi kunyimwa jina la babake kwenye cheti cha kuzaliwa eti kwa vile baba hajaridhia. Fuatilia hicho cheti mapema.

Ukienda Mahakama ya Watoto kudai matunzo, usiandike karo na unga pekee. Omba pia aamriwe kumsajili mtoto kwa SHA yake. Na akipoteza kazi bima hiyo haina wa kuilipia, kwa hivyo namba yako mwenyewe isajili leo kwa *147#.