Sukari ya mabingwa na kikombe cha chai Katangi

MACHAKOS imewazaa wakimbiaji mashuhuri. Cosmas Ndeti alishinda mbio za Boston mara tatu mfululizo, kuanzia 1993 hadi 1995, naye Patrick Makau akaweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka wa 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Kwa hivyo, kijana wa Katangi, eneo la Yatta, anayekimbia kila alfajiri akishauriwa apunguze sukari katika chai, ana haki ya kuuliza mbona mabingwa waliinywa.

Swali hilo lina msingi. Mnamo 2004, kundi la watafiti, akiwemo Mike Boit aliyetwaa nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich 1972, lilichapisha uchunguzi kuhusu chakula cha wakimbiaji bora wa Kenya. Zaidi ya robo tatu ya nguvu zao ilitokana na vyakula vya wanga na sukari. Sukari yenyewe, nyingi ikiwa ya chai ya maziwa, ilikaribia moja ya tano. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2015, linataka isizidi moja ya kumi.

Hata hivyo, wanaoushangilia uchunguzi huo husahau nusu yake ya pili. Wakimbiaji hao walitumia takribani kalori 3,600 kwa siku ilhali walikula pungufu ya 3,000, na uzani wao ukashuka katika muda wa siku saba tu. Sukari yao iliteketea barabarani.

Mtu wa kilo 70 anayekimbia polepole kwa nusu saa hutumia kalori zisizozidi 300 hivi. Akijituza kwa soda ya nusu lita, yenye gramu 50 hivi za sukari, amekwisha kurejesha 200.

Wanamichezo si wao pekee wanaofanya mazoezi Katangi. Mkulima anayelima kwa jembe na mama anayebeba mtungi wa maji kutoka mbali hutoa jasho lisilohesabiwa na yeyote. Hatari ipo kwa mwanao, ambaye siku hizi hushinda juu ya pikipiki ya bodaboda lakini bado hunywa chai ya baba yake, vijiko vilevile.

Sukari ina mahali pake: katika mazoezi yanayozidi saa moja, au kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, ambaye mazoezi yaweza kumshusha sukari ghafla na kumwangusha. Huyo hana budi kuwa nayo mfukoni. Ama wengine, muthokoi, ndengu na viazi vitamu huwapa wanga wa kujaza misuli, pamoja na protini na nyuzinyuzi ambazo sukari ya dukani haina.