Ritifaa Si Uchafu: Mwanafunzi wa Kiswahili na Majaribio ya Programu za Kompyuta

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili husikika akidai kwamba mambo ya kompyuta ni ya wenzake wa vitivo vya sayansi. Dai hili halina mashiko, hasa mjini Eldoret. Ni katika mji huu ambapo OpenMRS, programu ya kuhifadhi rekodi za wagonjwa, ilianza kutumiwa mwaka wa 2006, kufuatia mfumo uliotangulia katika kituo cha afya cha Mosoriot mwaka wa 2001. Mgonjwa anapofika hospitalini, jambo la kwanza kuingizwa katika mashine ni jina lake. Katika eneo hili, jina hilo huenda likawa Lang'at, Ng'eno au Ng'etich. Hapo ndipo isimu na kompyuta hukutana.

Chini ya programu nyingi kubwa kuna maktaba za lugha ya C, lugha aliyoibuni Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970. Maktaba hizo ni mkusanyiko wa vijiprogramu, kila kimoja na kazi yake. Kiitwacho strlen huhesabu urefu wa neno. Isalpha huamua kama alama fulani ni herufi. Strcmp hulinganisha maneno mawili. Mwanaprogramu makini hakiamini kijiprogramu wala msimbo unaokitumia kabla ya kuujaribu. Huandika jaribio dogo: hutoa neno moja, hutaja jibu linalotarajiwa, kisha mashine hulinganisha jibu hilo na lile lililopatikana. Yakitofautiana, kazi husimama.

Mbinu hii si ngeni kwa mwanaisimu. Anapoweka "pata" kando ya "bata" ili kuthibitisha kuwa /p/ na /b/ ni fonimu tofauti, huwa anafanya jaribio la aina iyo hiyo: hubadilisha kitu kimoja tu, kisha hutazama matokeo.

Basi na lichukuliwe neno "ng'ombe". Isalpha ikiulizwa kuhusu ritifaa, hujibu kwamba hiyo si herufi. Programu ya kuhesabu maneno inayotegemea jibu hilo pekee humchinja ng'ombe vipande viwili: "ng" na "ombe". Mwanaprogramu mwingine huona heri kuifuta ritifaa kabisa, kana kwamba ni uchafu. Hapo "ng'oa", yaani kutoa kitu kilichokita mizizi, hugeuka "ngoa", yaani wivu au hamu. Kwa mujibu wa kanuni zake isalpha haijakosea. Aliyekosea ni yule aliyedhani kwamba kanuni hizo zinatosha kwa Kiswahili, na hapakuwa na jaribio la kumzindua.

Fauka ya hayo, ritifaa huandikwa kwa namna zaidi ya moja. Iliyonyooka huchukua baiti 1. Iliyopinda, ambayo programu nyingi za uandishi huiweka zenyewe, huchukua baiti 3 katika mfumo wa UTF-8. Hivyo strlen husema kwamba "ng'ombe" ina urefu wa 7 katika hali ya kwanza na 9 katika hali ya pili, nayo strcmp husema kwamba hayo ni maneno mawili tofauti. Lang'at aliyesajiliwa kwa ritifaa moja huenda asipatikane akitafutwa kwa nyingine, na historia ya maradhi yake isionekane. Tena, mwanaprogramu aliyetenga nafasi ya ritifaa iliyonyooka akainakili iliyopinda bila kupima, humwaga baiti nje ya mipaka ya kumbukumbu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka wa 2014 dunia ilitaharuki kwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika maktaba ya C ya OpenSSL: msimbo uliamini urefu uliotajwa na mtumaji bila kuulinganisha na urefu halisi, na siri zikavuja.

Huenda ikasemwa kwamba hiyo ni kazi ya wanaprogramu. Ni kweli kwamba wao ndio waandikao msimbo. Lakini jaribio lina pande mbili, neno na jibu linalotarajiwa, na jibu sahihi kuhusu Kiswahili analijua msomi wa Kiswahili. Hahitaji kuimudu C. Anahitaji karatasi yenye safu mbili: upande mmoja "ng'ong'ona", upande wa pili "neno moja". Mwanaprogramu ataigeuza safu hiyo kuwa majaribio.

Yafaa, kwa hivyo, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, kikiwemo cha Eldoret, vikae na wanafunzi wa kompyuta na kuandaa orodha kama hiyo. Kazi hiyo itawanufaisha hata wasomi wenyewe, kwa kuwa mashine haikubali jibu la "inategemea". Je, katika kupanga maneno kialfabeti, "ng'ombe" itangulie "ngoma" au iifuate? Je, ng' ni herufi moja au tatu? Kabla ya jaribio kuandikwa, sharti wasomi wakubaliane.

Lugha haikui kwa kusifiwa makongamanoni pekee. Hukua pia pale mtu anapoketi, akaandika neno na jibu lake, ili jina la mgonjwa lihifadhiwe jinsi mamake alivyolitamka.