“Nipe” na “Unipe”: Sarufi na Adabu ya Kuamrishana Nyumbani



Msimu wa korosho ukifika hapa Kitangari, nyumba hujaa amri tangu alfajiri: ziokoteni, zianike, usizimwage, mpelekee babu maji. Ni maneno ya kila siku, lakini kila moja limebeba mambo mawili: kanuni ya lugha na adabu ya anayelitamka. Watoto huyapokea yote mawili kutoka kwetu wazazi kabla hawajafika shuleni wala madrasa.

Kanuni si ngumu. Kumwamuru mmoja, twataja kitenzi bila “ku”: soma, anika, jibu. Wakiwa wengi twaongeza “ni”, na “a” ya mwisho hugeuka “e”: someni, anikeni. Vitenzi vingi vyenye asili ya Kiarabu havigeuki: jibuni, sameheni. Njoo, nenda na lete vina njia yake.

Anapotajwa mtendwa, kiambishi chake hukaa mbele ya mzizi, na “a” hugeuka “e” hata kwa mtu mmoja. Twasema “anika korosho”, lakini “zianike”; “soma barua”, lakini “isome”. Tukikataza, kiambishi hubaki palepale: usizianike, msimcheke. Kiarabu hukiweka mwishoni: a'tini, yaani nipe. Kihispania nacho husema dame kwa maana hiyo hiyo, ila kikikataza hukirudisha mbele ya kitenzi: no me des, usinipe. Kiswahili hakikihamishi.

Tena Kiswahili hubeba kiambishi kimoja tu cha mtendwa. Katika “mpelekee babu dawa”, “m” ni ya babu. Dawa hubaki na jina lake. Ondoa “e” moja, useme “mpeleke babu”, na sasa anayepelekwa ni babu mwenyewe. Anayetuma ujumbe wa simu kuhusu mgonjwa na aihesabu herufi hiyo.

Hayo ni ya sarufi. Wanazuoni wa balagha walikwenda mbele zaidi, wakatufundisha kwamba umbo moja la amri lina hukumu tatu kwa kutazama nani anamwambia nani. Likitoka kwa wa juu kwenda kwa wa chini ni amri. Likiwa baina ya walio sawa ni iltimasi, yaani ombi la wenzi. Likipanda kutoka kwa wa chini kwenda kwa wa juu ni dua. Ndiyo maana tunaposimama katika swala na kusema “tuongoze”, umbo ni la amri, lakini hakuna mwenye akili anayedhani kwamba anamwamuru Mola wake.

Basi mtoto anayemwambia bibi yake “nipe” hajakosea sarufi. Amekosea daraja. Lugha yetu imempa ngazi za kupandia: “unipe, bibi”, “naomba unipe”, “tafadhali nipe”. Asipozitumia, tusikimbilie kumlaumu yeye. Tujiulize amesikia nini. Baba anayefika kutoka shambani na kumwambia mkewe “lete chakula”, bila salamu wala jina, amekwisha kutoa somo, na mwanafunzi alikuwa amekaa ukumbini akisikiliza. Mume na mke ni wenzi; lugha inayowafaa ni ya iltimasi.

Wala mzazi hakukatazwa kuamuru. Luqman alimwamuru mwanawe mambo mazito: kusimamisha swala, kuamrisha mema, kuvumilia. Lakini Sura iliyobeba jina lake yaonyesha kwamba alimwita kwanza “ewe mwanangu”, kwa umbo la Kiarabu lenye huba ya mzazi kwa mtoto mdogo, na mwito huo umekuja mara tatu katika nasaha zake. Amri ikitanguliwa na mwito wa namna hiyo, mtoto huipokea kama malezi. Ikija peke yake, tena kwa sauti ya juu, huipokea kama adhabu.

Hili latuhusu pia sisi wa kamati za misikiti. Tangazo lisemalo “toeni michango” na lile lisemalo “tunawaomba mtoe” yanatafuta fedha ile ile, lakini la pili linamheshimu anayetoa.

Juma hili, kila mwenye nyumba na azisikilize amri zake kuanzia Alfajiri hadi Isha, kisha ahesabu ngapi zilitanguliwa na jina, salamu au “tafadhali”.

Wabillahi tawfiq.