Aliyekatiwa tamaa naye anastahili kutibiwa

"Mpelekeni mama nyumbani, hapa hakuna la kufanya tena." Maneno haya tuliambiwa mimi na binamu zangu katika hospitali moja, miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tumempeleka shangazi yangu aliyeugua saratani ya umio. Tulishukuru, kwa kuwa tumelelewa kumshukuru daktari, kisha tukambeba shangazi hadi garini. Dawa tuliyopewa ilikuwa vidonge vya maumivu vya aina inayouzwa dukani kando ya sabuni na chumvi. Navyo alipewa mtu ambaye hata mate yalikuwa yakimshinda kumeza.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni kupima maneno. Sentensi hiyo nimeipima mara nyingi tangu siku ile, na sina shaka kwamba haikuwa ya kweli. Kiswahili kinatofautisha kuponya, kutibu na kuuguza. Kilichokuwa kimeshindikana ni kuponya. Kutibu maumivu kulikuwa bado kunawezekana, na kuuguza hakukomi hadi mgonjwa akate roho. Yule muuguzi tunayemwona wodini amepewa jina lake kutokana na kazi hiyo ya tatu, ambayo ndiyo tunayoipuuza zaidi.

Utaalamu wa kumtunza mgonjwa asiyetarajiwa kupona si mgeni nchini. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kusomea udaktari, alifungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Hospisi ya Nairobi ilianza mwaka 1990, katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Kenyatta. Leo huduma kama hizo zinapatikana pia Nyeri, Meru, Eldoret, Kisumu na Mombasa, na hospitali kadhaa za umma zina vitengo vyake. Wengi hudhani kwamba hospisi ni nyumba ya kwenda kufia. La hasha! Hapa kwetu hospisi aghalabu ni muuguzi anayemfuata mgonjwa kwake, akapima maumivu yake, akasafisha kidonda, akawafunza jamaa kumgeuza kitandani, na akazungumza naye bila kumficha hali yake.

Taabu ni kwamba vituo hivi viko mijini ilhali wagonjwa wengi wako vijijini, na wengi wao hugunduliwa kuwa na saratani ikiwa imekwisha kuenea. Ndiposa nasema kwamba suala hili si la huruma tu, bali ni la mpango wa serikali.

Chukua mofini. Ni dawa ya kale. Unga wake huchanganywa na maji, ukawa dawa ya kunywa ambayo mgonjwa hupimiwa kila baada ya saa nne. Bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na dawa za kupambana na saratani yenyewe. Shirika la Afya Duniani huihesabu miongoni mwa dawa za lazima. Kinachoikwamisha ni hofu. Sheria yetu ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya inaruhusu mofini itumiwe kwa matibabu, lakini adhabu zake ni kali, na mhudumu mwoga huona ni salama zaidi kutokuwa nayo kabisa. Jamaa nao huhofia kwamba mgonjwa wao atageuka mraibu. Wataalamu hutueleza kwamba mofini inayopimwa kulingana na maumivu, chini ya uangalizi, ni nadra kuleta balaa hiyo. Na hata kama ingeileta, ni uraibu gani wa kuhofiwa kwa mtu aliyebakiza majuma matatu?

Jirani zetu wa Uganda walikabiliana na hofu hii mapema. Hospisi yao ya kwanza kubwa ilianzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993. Mwaka 2004 kanuni zilirekebishwa ili wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuandika mofini. Waligundua kwamba ukimngoja daktari afike kila kijiji, mgonjwa atazikwa kabla hajafika.

Yapo mambo matatu ambayo wizara na kaunti zinaweza kuyafanya. Kwanza, mofini ya kunywa isikosekane katika hospitali yoyote ya kaunti ndogo, na muuguzi aliyefunzwa apewe idhini iliyo wazi ya kuitoa. Pili, bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024 ilipie kikamilifu ziara ya muuguzi nyumbani, kama inavyolipia kitanda cha wodini. Tatu, hakuna mgonjwa wa aina hii anayepaswa kuruhusiwa kwenda nyumbani bila dawa ya maumivu na jina la mtu wa kumwita usiku.

Wako watakaouliza kwa nini tugharimie wanaokufa ilhali watoto wanakosa dawa za malaria. Ni swali la haki. Lakini tazama gharama ya mtindo wa sasa: harambee juu ya harambee, shamba linauzwa, mgonjwa anazungushwa hospitali hadi hospitali akitafuta tiba isiyokuwepo. Familia ikielezwa ukweli mapema na kupewa msaada nyumbani, fedha hizo zingewasomesha watoto wake. Isitoshe, Katiba ya 2010 iliyompa kila mtu haki ya afya na ya kuheshimiwa utu wake haikuwabagua wanaokaribia kufa.

Shangazi alipata bahati ambayo wengi hawaipati. Rafiki alituelekeza kwa muuguzi wa hospisi ya mji wa jirani, akaja na chupa ndogo ya mofini. Siku ya tatu shangazi aliweza kulala usiku kucha. Siku ya nne aliita wanawe mmoja mmoja, akawaambia aliyotaka kuwaambia, na akaagiza ndama wake apewe nani. Aliishi majuma mawili zaidi, akafa usingizini.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Basi huyu anayeugua bila tumaini la kupona asingoje jamaa zake wapate rafiki wa kuwaelekeza, kama tulivyongoja sisi.