Aliyeachiwa na Hakimu, na Karatasi za Mtwara

Ndugu wanachama, mtauliza Newala ina nini hata itajwe katika ukurasa wetu. Wamakonde wako nasi Unguja tangu zama za mashamba ya karafuu, na Mahakama ya Rufani inayomaliza kesi ya jinai ya mtu wa Newala au Masasi ndiyo hiyo hiyo inayomaliza yetu. Linalokubaliwa huko litavuka bahari.

Jambo lenyewe ni hili. Mkulima wa korosho ameshitakiwa. Hakimu wa wilaya amewasikia mashahidi, ameona shitaka halikuthibitika, amemwachia. Lakini Sheria ya mwaka 1985 yampa Mkurugenzi wa Mashitaka siku 30 za kutoa taarifa kwamba hakuridhika, na Jaji wa Mahakama Kuu kule Mtwara aweza kumtia hatiani mtu yule yule kwa kusoma karatasi.

Twawaomba mzitazame karatasi hizo. Bibi kizee wa Newala ametoa ushahidi kwa Kimakonde. Mkalimani ameutia katika Kiswahili. Na kwa miaka mingi hakimu aliuandika kwa Kiingereza, mpaka Bunge lilipokifanya Kiswahili lugha ya mahakama mwaka 2021. Kusita kwake, na kuinama kwake alipoulizwa kama usiku ule mwezi ulikuwapo, vimeandikwa wapi? Hakimu aliviona. Jaji hakuviona.

Desturi hii haikuzaliwa kwetu. Siku zile Mwingereza kwao, aliyeachiwa na jopo la raia 12 hakukatiwa rufani. Bali kwa Wahindi aliowatawala, Serikali yake ilijipa haki hiyo mwaka 1872. Kwake sheria moja, kwa raia zake nyingine! Sheria za India zikaletwa Unguja, na Tanganyika pia baada ya Mjerumani kuondoka.

Lakini tuwe wakweli. Mwaka 1934, katika kesi ya Sheo Swarup iliyotoka India, Baraza la Mfalme huko London lilisema kwamba mahakama ya rufani yaweza kuupima ushahidi wote, ila iheshimu maoni ya aliyewaona mashahidi, na ikumbuke kuwa dhana ya kutokuwa na hatia haipungui kwa mtu kuachiwa. Mahakama ya Juu ya India ilikaza mwaka 2007: ushahidi ukichukua maana mbili za haki, kuachiwa kusimame.

Wakubwa watatujibu: je, hakimu aliyehongwa? Je, mama aliyeuliwa mwanawe? Hatusemi mlango ufungwe. Twasema Jaji alionyeshe kosa la hakimu kwa jina lake, wala isitoshe kwamba yeye angaliamua vingine. Na mtu asitiwe hatiani katika rufani bila ya wakili ubavuni mwake. Kutoka Newala hadi Mtwara si mwendo wa kwenda na kurudi kwa miguu.

Sisi tuliowaona wenzetu 18 wa CUF wakikaa rumande karibu miaka mitatu kwa shitaka la uhaini, wakatoka Novemba 2000 bila ya kutiwa hatiani, hatufundishwi uzito wa neno “huru”.

Basi Wabunge wetu waulize Dodoma: ni rufani ngapi zimekatwa dhidi ya walioachiwa na mahakama za Masasi na Newala, na ni wangapi waliokuwa na wakili? Jibu lake tutalichapa papa hapa.