Tusingoje Daftari la Rambirambi



Katika kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo hapa kwetu Buhongwa limo daftari lisilokosa kazi. Ni daftari la rambirambi. Msiba unapotokea, kabla jua halijazama, mwekahazina amekwisha kupita nyumba kwa nyumba, akina mama wa WAWATA wamekwisha kufika na kuni na masufuria, na vijana wamekwisha kushika sururu za kuchimba kaburi. Huu ni uzuri wetu, wala asiwepo wa kuudharau. Lakini Tume ya Haki na Amani inapenda kuuliza: daftari la kuzuia msiba liko wapi?

Tunauliza kwa sababu maafa si mgeni katika nchi hii. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliwapiga ndugu zetu wa Kagera, ng'ambo ya ziwa. Watu 17 walifariki na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda kufikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, yakameza mialo, bustani na nyumba za waliojenga ufukweni. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Waliokufa walizidi 80. Na mvua za El Niño zilizofuata hazikuwa na huruma. Mwishoni mwa Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekwisha kupoteza maisha nchini, na wapatao 200,000 wameathirika.

Mbele ya habari kama hizi, wengi wetu husema, "Ni kazi ya Mungu." Neno hilo hutamkwa kwa heshima, lakini yatupasa kulichunguza. Mvua ni ya Mungu, na bila mvua hatuli. Lakini je, ni Mungu aliyeuza kiwanja katikati ya korongo? Ni Mungu aliyejaza taka katika mtaro? Ni Mungu aliyekata miti ya kilimani kwa ajili ya mkaa, akachimba mchanga mtoni hata kingo zikaanguka? La hasha. Waziri Mkuu mwenyewe, alipotoa hesabu ile Bungeni, alitaja uharibifu wa mazingira kuwa mojawapo ya sababu za mvua ile kuleta hasara kubwa kiasi kile. Mvua hushuka kutoka juu, lakini sehemu kubwa ya maafa huandaliwa hapa chini, kwa mikono yetu na kwa kunyamaza kwetu.

Zaidi ya hayo, maafa hayamgusi kila mtu kwa kipimo kimoja. Hapa ndipo suala hili linapokuwa suala la haki. Buhongwa inakua haraka. Jiji linatufuata kwa barabara ya Shinyanga, na bei ya ardhi inapanda kila mwaka. Mwenye fedha hununua kiwanja kilichopimwa, mahali palipo tambarare. Maskini hununua kilichobaki, yaani bondeni maji yanakopita, au mlimani chini ya jiwe ambalo watu wanaoponda kokoto wanalichimba ubavuni. Mauziano hushuhudiwa na kiongozi, naye mara nyingine hupokea chochote kwa kalamu yake. Mwaka wa tatu mvua huja, na anayelala nje ni mjane yule yule aliyeuza ng'ombe wake wa mwisho ili apate mahali pa kuweka kichwa. Tukisema hiyo ni kazi ya Mungu, tunamsingizia Mungu ili tumfiche mwenye kosa.

Yatubidi pia tuache kuamini kwamba msaada wa baada ya maafa utatosha. Baada ya tetemeko la Kagera michango mingi ilitolewa ndani na nje ya nchi. Hata hivyo, sehemu kubwa ilielekezwa kwenye majengo ya umma, kama shule na vituo vya afya, na waliobomokewa nyumba zao wengi walilazimika kujijengea upya kwa nguvu zao wenyewe. Shule na hospitali ni za lazima, hakuna abishaye. Lakini mwenye nyumba ya matope na ajue kwamba lori la msaada huenda lisifike mlangoni kwake.

Tena, hata likifika, hufika limechelewa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba katika hali mbaya ya hewa, wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 19 walikufa, 24 wakaokoka. Wavuvi wale hawakuwa na mavazi ya uokoaji wala mafunzo. Walikuwa karibu, basi. Hivyo ndivyo ilivyo katika kila janga: mwokozi wa kwanza ni jirani. Swali ni kama jirani huyo amejiandaa au la.

Sisi wa usukumani hatuwezi kusema kwamba kujiandaa ni elimu ya kigeni. Mwano unapopigwa usiku, nani hubaki kitandani? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wezi wa ng'ombe walipotushinda, wazee wetu waliunda sungusungu. Kila nyumba ilijua sauti ya hatari, kila kijana alijua njia ya kushika, na kijiji kilipitisha mwano kwa kijiji cha pili. Tunajua pia kwamba sungusungu wa mahali pengine walivuka mipaka na kuumiza watu, hilo tusilirudie. Lakini utaratibu wa kuitana tunao tayari. Tuliutumia kumwokoa ng'ombe. Je, hatuwezi kuutumia kumwokoa mtoto na maji?

Kwa hiyo Tume inapendekeza kwa kila Jumuiya mambo matano.

Kwanza, tulijue eneo letu. Jumapili moja, baada ya Misa, viongozi watembee pamoja na wazee wanaokumbuka maji yalipita wapi katika mvua za 1997 na 1998. Waandike nyumba zilizo kwenye mkondo na zilizo chini ya miamba. Waandike pia majina ya wasioweza kukimbia: wazee, wagonjwa, walemavu, mama aliyejifungua juzi. Kila jina likabidhiwe kijana wawili wa VIWAWA wanaoishi karibu naye.

Pili, tukubaliane juu ya mwano wa maji. Awepo mtu mmoja anayesikiliza redioni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa na kuzitangaza katika sala za Jumuiya. Ijulikane ni nani anapiga mwano na watu wakimbilie wapi, iwe ni shule au kanisa lililo mahali pa juu.

Tatu, tufanye kazi kabla ya vuli. Mwezi Septemba ndio wa kuzibua mitaro, kufunga mabati yaliyolegea, na kuinua vyoo visifurike, maana mafuriko huacha kipindupindu nyuma yake. Miti ipandwe mvua zinapoanza. Watoto wafundishwe kutojikinga chini ya mti wakati wa radi, na shule zetu na makanisa yetu yawekewe vyuma vya kuzuia radi.

Nne, tuanzishe mfuko wa dharura ulio kando ya rambirambi. Kidogo kidogo hujaza kibaba. Hesabu zake zisomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu, kwani fedha isiyosomwa huvunja Jumuiya kuliko mafuriko. Na utakapotumika usiulize dini ya mtu. Maji hayaulizi.

Tano, tuidai haki yetu kwa utaratibu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwe na kamati za maafa kutoka taifa hadi kata na kijiji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufuko wa ziwa na kingo za mto. Katika mkutano wa hadhara, simama kwa adabu uulize: wajumbe wa kamati yetu ni akina nani? Walikutana lini? Nani aliruhusu viwanja vile kuuzwa? Na anapotakiwa maskini kuhama bondeni, tuulize pia ataelekezwa wapi. Kumwondoa bila kumwonyesha mahali pengine ni kumhamishia maafa tu.

Wapo watakaosema kwamba kujiandaa ni kukosa imani. Hao wamkumbuke Nuhu, aliyejenga safina wakati ardhi ingali kavu, na Yusufu, aliyejaza maghala ya Misri katika miaka ya shibe. Wote wawili walimwamini Mungu, na kwa sababu hiyo walifanya kazi mapema. Bwana wetu naye alimsifu aliyejenga juu ya mwamba. Sisi watu wa Mwanza tunayo miamba kila upande, lakini mwamba aliousema si jiwe tu. Ni kusikia neno na kulitenda.

Mvua inayokuja hatuijui ukubwa wake. Majirani zetu tunawajua, na mkondo wa maji tunaujua. Basi, katika mkutano wa Jumuiya wa juma hili, kabla ya sala ya kufunga, mwenyekiti na afungue daftari jipya. Ukurasa wa kwanza yaandikwe majina ya wale ambao hatutaki kuwaandikia rambirambi.