Kompyuta imefika, faili la karatasi bado lipo: Nani anatunza siri ya mgonjwa?

Korogwe. Mkazi wa Kata ya Kilole, katika Halmashauri ya Mji Korogwe, akiugua haendi kituoni mikono mitupu. Anabeba daftari lake la matibabu, kadi ya kliniki ya mtoto, majibu ya vipimo vya zamani na pengine fomu ya bima. Kituo nacho kina makaratasi yake: faili, rejesta, fomu za maabara.

Katika makaratasi hayo ya pande mbili ndimo ilimo historia ya afya yake. Humo humo ndimo ilimo siri yake.

Mazungumzo ya miaka hii yote ni mifumo. Kompyuta zimenunuliwa, watumishi wamepewa mafunzo, na viongozi wanasema hospitali bila karatasi inakuja. Hakuna ubaya. Lakini swali dogo limesahaulika: hizi karatasi zilizopo leo, na zile za miaka 10 iliyopita zilizorundikwa stoo, ziko chini ya nani?

Karatasi haijaondoka

Serikali, kupitia Tamisemi, imesambaza mfumo wa GoTHoMIS unaosajili mgonjwa, kuandika matibabu na kukusanya malipo. Takwimu za nchi nzima nazo zimekuwa zikiingizwa katika mfumo wa DHIS2 tangu 2013.

Ila DHIS2 inapokea jumla, siyo majina. Jumla hizo kwa miaka mingi zimetoka kwenye vitabu vya MTUHA vinavyojazwa kwa kalamu. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 wajawazito, namba 7 watoto, namba 12 wazazi na namba 14 waliolazwa. Yaani nyuma ya tarakimu moja inayoonekana Dodoma kuna mistari mingi ya mkono yenye jina la mtu, umri, anakoishi na alichoambiwa anaumwa.

Halafu kuna umeme. Mwishoni mwa 2023 nchi ilikuwa kwenye mgawo. Aprili 1, 2024 Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na maeneo mengi yakaingia gizani. Mei 12 mwaka huo huo nyaya za intaneti za baharini zikakatika. Siku kama hizo muuguzi hasubiri, anarudi kwenye kalamu na karatasi, maana mgonjwa yuko mbele yake.

Tatizo linaanza umeme ukirudi. Kama hakuna mtu wa kuingiza zile karatasi kwenye mfumo, historia ya mgonjwa inakatika vipande viwili: nusu kwenye kompyuta, nusu kwenye droo. Daktari wa wiki ijayo anaona nusu moja tu na kudhani ndiyo yote.

Hatari ya karatasi ni jirani

Ukizungumzia usalama wa taarifa, wengi wanamfikiria mdukuzi aliyekaa mbali na kompyuta yake. Karatasi haina mdukuzi. Hatari yake ni mtu anayekufahamu.

Chukua rejesta iliyoachwa wazi juu ya meza. Ukurasa mmoja una majina ya watu wengi waliotangulia. Mgonjwa anapoinama kutaja jina lake, macho yake yanapita kwenye mistari ya juu. Mjini Dar es Salaam majina hayo yanaweza kuwa ya watu asiowajua. Kwenye kata kama Kilole kuna uwezekano mkubwa mmoja wao ni jirani, shemeji, au mtu wa msikiti mmoja au kanisa moja.

Hapo hakuna kitu kilichoibwa. Kufikia jioni, habari iko mtaani.

Kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi uzito unaongezeka. Kliniki ya tiba na matunzo ina kadi mbili: CTC1 anayokaa nayo mgonjwa, na CTC2 inayobaki kituoni. Wakati mwingine si lazima hata mtu aifungue. Faili lenye rangi yake, kabati lake au dirisha lake la kuchukulia linatosha kusema kila kitu. Sheria ya Ukimwi ya 2008 inataka majibu ya kipimo yawe siri, lakini haiwezi kuficha faili jekundu linalobebwa mkononi kupita katikati ya benchi la wagonjwa.

Kenya iliwahi kulifikisha jambo hili mahakamani. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi, na barua zilizofuata zikataka orodha za majina. Watetezi wa haki walikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 ikaamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba, hasa haki ya faragha. Serikali ikatakiwa kuyaweka majina kwa namba za siri ili yasiunganishwe na hali ya mtu.

Somo lake ni kwamba nia ya kukusanya taarifa inaweza kuwa njema kabisa, na orodha yenyewe bado ikawa hatari.

Kupotea nako kunaumiza

Upande wa pili wa siri ni upatikanaji. Kauli ya "faili lako halionekani, fungua jingine" inajulikana na karibu kila aliyewahi kupanga foleni ya hospitali. Kwa mwenye mafua ni usumbufu tu. Kwa mama mjamzito aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, au mgonjwa anayedhurika na dawa fulani, ni suala la uhai.

Anayepewa rufaa kutoka Korogwe kwenda Hospitali ya Bombo jijini Tanga anategemea barua na kadi aliyobeba. Kadi ikibaki nyumbani au maelezo yakiwa hayasomeki, vipimo vinaanza upya, na fedha zinatoka upya.

Mara nyingi faili lililopotea halikuibwa. Limewekwa rafu isiyo yake. Kupanga mafaili kwa majina kunachangia: kwenye mkoa ambao kina Amina, Mwanaidi, Hamisi na Rajabu ni wengi, mafaili mawili ya watu wenye majina yale yale huchanganyika kirahisi. Ongeza mchwa, panya na paa linalovuja. Mvua kubwa za Oktoba 2019 zilizoleta mafuriko Handeni na Korogwe zilikumbusha kwamba boksi lililowekwa sakafuni ni la kwanza kulowa.

Sheria haisemi kompyuta peke yake

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Wengi wameichukulia kama sheria ya mitandao na kampuni za simu.

Siyo hivyo. Inazungumzia taarifa za mtu zilizorekodiwa kwa namna yoyote, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo rejesta ya zahanati imo, sawa na kompyuta ya benki. Juu yake ipo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002, inayotaka kumbukumbu za umma zitunzwe kwa utaratibu na zisiharibiwe kiholela.

Hilo la mwisho lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Karatasi zilizotumika huku kwetu hazitupwi ovyo, zina soko: zinafungia karanga na maandazi. Fomu ya maabara ikitoka stoo bila utaratibu, haitachukua muda mrefu kufika gengeni.

Korogwe ina mfano wake

Korogwe yenyewe imewahi kuonyesha kwamba karatasi inaweza kutunzwa. Wilaya hii ilikuwa moja ya vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyofanya majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009 hadi 2014, chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na washirika wake. Kwa vituo vyote walishiriki watoto 15,459. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike.

Utafiti wa aina hiyo una masharti: mtoto anatambulika kwa namba, kila anayeandika anasaini na kuweka tarehe, kosa halifutwi bali linakatwa kwa mstari mmoja, na kabati linafungwa. Utafiti ulikuwa na fedha ambazo zahanati haina, ni kweli. Lakini kusaini, kuweka tarehe na kufunga kabati havihitaji mfadhili.

Kinachowezekana kwa fedha ndogo

Cha kwanza ni namba moja kwa mgonjwa mmoja, na mafaili yapangwe kwa namba. Cha pili ni kadi ya mbadala: faili likitoka rafuni, inabaki kadi inayosema nani kalichukua, lini, na kalipeleka chumba gani. Hii peke yake inamaliza ugomvi mwingi wa "halionekani".

Cha tatu ni kufunika rejesta kwa karatasi ngumu ili anayeandikishwa asiwasome waliomtangulia. Cha nne, ufunguo wa masijala uwe na mtu anayejulikana, na mafaili yabebwe na mtumishi, yasitumwe kwa ndugu wa mgonjwa. Cha tano, rafu ziinuliwe kutoka sakafuni.

Fedha za kufanya haya zinaweza kupatikana. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Kamati hizo hujadili dawa, maji na ukarabati. Kabati lenye kufuli linastahili kuingia kwenye orodha hiyo.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Daftari la matibabu si la mahesabu ya duka wala la mtoto kuchorea. Mwenye kadi aitunze pakavu, na akiona rejesta iko wazi mbele yake ana haki ya kusema.

Kuhusu hospitali bila karatasi, siku hiyo ikifika mtu atalazimika kuingiza historia za zamani kwenye mfumo. Kituo ambacho mafaili yake yamechanganyika leo kitaingiza mchanganyiko huo huo kwenye kompyuta, na daktari atausoma akiamini ni sahihi.